Mstari wa mvua haukai mahali pamoja: Kongwa, karanga na mahindi ya mama

 

Najua nimepotea humu. Mitihani ilinibana, halafu bumu likakata mapema, si mnajua maisha ya hapa kilimani yalivyo. Leo ni Jumapili, wenzangu wa chumbani wameenda kuangalia mpira, mimi nimebaki na chai ya rangi na stori moja ambayo nimekaa nayo moyoni karibu mwaka mzima. Ni stori ya historia, ila inaanzia kwenye kosa langu mwenyewe. Ni ndefu kidogo, kwa hiyo tafuta pa kukaa.

Mama yangu ana shamba la ekari nne Kongwa. Miaka yote analima uwele na mtama, karanga kidogo, na mahindi kamstari tu kule bondeni ya kuchoma watoto. Msimu uliopita nikiwa likizo ndefu nilimkuta anaandaa shamba, nikajifanya msomi. Nilikuwa na desa la jiografia lenye ramani ya kanda za hali ya hewa za Tanzania. Kwetu pamepakwa rangi ya njano: nusu ukame, milimita 500 hadi 600 za mvua kwa mwaka. Ukurasa mwingine umeandikwa kwamba mahindi ya muda mfupi yanahitaji kama milimita 500. Nikapiga hesabu: mvua 550, mahindi 500, chenji inabaki! Nikamwambia mama, mwaka huu tuweke mahindi shamba zima, bei yake nzuri, uwele nani anaununua siku hizi.

Mama akaniangalia. Akasema, "Mwanangu, mvua haijasoma hicho kitabu chako." Lakini mimi ndiye mtoto wa chuo kikuu, wa kwanza kwenye ukoo. Akakubali.

Desemba mvua ilikuja vizuri. Januari mahindi yakafika kiunoni, nikawa natumiwa picha, natamba nazo hapa chumbani. Februari mvua ikakata wiki tatu, wakati huohuo mahindi yanatoa mbelewele. Machi ikarudi kwa nguvu, lakini ya nini tena? Ekari nne zikatoa gunia mbili. Uwele wa jirani ulisinyaa, ukalala, mvua iliporudi ukainuka. Kwenye simu nilimwamkia, mama akaitikia marahaba, akauliza kama ninakula vizuri. Habari ya shamba hakuigusa. Bora angenisema.

Kilichoniuma zaidi ni hiki. Muhula huu tulipewa kazi ya seminari kwenye historia ya mazingira, nikaenda kujichimbia maktaba kutafuta habari za kwetu. Kumbe sikuwa mtu wa kwanza kudanganywa na wastani wa mvua palepale Kongwa. Kuna serikali nzima iliwahi kudanganywa, na yenyewe ilikuwa na mainjinia.

Wengi wenu mmesikia habari za mradi wa karanga. Mwaka 1946 Uingereza ilikuwa imetoka vitani, mafuta ya kupikia ni ya mgao. Frank Samuel wa kampuni ya United Africa akatoa wazo kwamba Afrika Mashariki ilimwe karanga kwa matrekta. Serikali ikatuma ujumbe ulioongozwa na John Wakefield, aliyewahi kuwa mkurugenzi wa kilimo hapa Tanganyika. Wakazunguka wiki tisa, sehemu kubwa kwa ndege, wakarudi na mpango wa ekari 3,210,000 zilizogawanywa katika mashamba 107 ya ekari 30,000 kila moja. Mashamba 80 kati ya hayo yalikuwa ya Tanganyika, mengine Rhodesia ya Kaskazini na Kenya. Pa kuanzia: Kongwa.

Kazi ilianza 1947. Mabuldoza yakaletwa, mpaka vifaru vya vita vikageuzwa kuwa matrekta. Lengo la mwaka wa kwanza lilikuwa ekari 150,000, zikapatikana takribani 7,500. Vichaka vya kwetu mizizi yake si mchezo, vyuma vilivunjika kama biskuti. Ila nikisoma nilikuwa natafuta mvua, na nikaikuta. Hesabu za mradi zilikuwa zinategemea wastani, kama inchi 20 kwa mwaka, ambazo ni kama milimita 500. Tena Kongwa penyewe hapakuwa na kumbukumbu ndefu za mvua. Karanga zinaiva chini ya ardhi, na udongo wa pale una mfinyanzi. Mvua ikikata mapema, udongo unakauka unakuwa kama saruji, karanga zinabaki humohumo. Ukame ukaja kumalizia kazi. Januari 1951 serikali ya Uingereza ikafunga mradi, na kama pauni milioni 36 zikafutwa kwenye vitabu kama hasara. Yaliyobaki ni bandari ya Mtwara, reli ya kwenda Nachingwea ambayo baadaye iling'olewa, na ardhi ya Kongwa iliyokuja kuwa ranchi ya ng'ombe. Yaani ardhi ilirudi kwa ng'ombe, ambao ndio walikuwapo mwanzo.

Mimi hasara yangu ni ekari nne. Ila hesabu yetu ilikuwa moja kabisa.

Sasa hapa ndipo ninapotaka kufika. Wastani ni namba ya ajabu. Mwaka mmoja ikinyesha milimita 350 na mwaka wa pili 800, wastani wake ni 575, namba ambayo haikunyesha mwaka wowote kati ya hiyo miwili. Ramani ya kanda imechorwa kwa namba za namna hiyo. Halafu kuna swali kubwa zaidi, ambalo sikuwahi kujiuliza tangu nianze kusoma jiografia sekondari: wastani wa miaka ipi?

Wataalamu wa hali ya hewa duniani wamekubaliana kutumia miaka thelathini kama "kawaida". Kulikuwa na kawaida ya 1931 hadi 1960, ikaja ya 1961 hadi 1990, sasa ipo ya 1991 hadi 2020. Sisi tukisikia Mamlaka ya Hali ya Hewa inasema mvua itakuwa "juu ya wastani" au "chini ya wastani", tujue kuna miaka fulani thelathini imekaa nyuma ya hilo neno. Na kwa Afrika Mashariki uchaguzi wa miaka si jambo dogo, kwa sababu mvua zetu zimebadilika kwa vipindi virefu sana. Shahidi wangu ni Ziwa Victoria.

Lile ziwa ni kama kipimo kikubwa cha mvua, maana karibu asilimia 80 ya maji yanayoingia yanatoka angani moja kwa moja. Mvua ikizidi kwa miaka mingi linapanda, ikipungua linashuka. Kwa kutumia maandishi ya wasafiri na wamisionari, pamoja na vipimo vilivyoanza mwishoni mwa karne ya 19, wanahistoria wa hali ya hewa wameona kwamba mwishoni mwa miaka ya 1870 ziwa lilikuwa juu. Baada ya 1880 likaanza kushuka, likaendelea hivyo mpaka kuingia karne ya 20. Yaani Wajerumani walipokuja kututawala na kuanza kuweka vituo vya kupima mvua, walikuta nchi imeingia kipindi cha ukavu. Walichokiandika kama tabia ya nchi kilikuwa tabia ya nchi kwa miaka ile.

Shahidi wa pili ni Kilimanjaro. Hans Meyer alifika kileleni 1889. Mwaka 1912 barafu ya mlima ilikuwa kama kilomita za mraba 12, na kufikia 2011 ilibaki chini ya 2. Tumezoea kusikia ni joto tu. Lakini watafiti waliokaa juu kule wanasema kwa barafu ya Kibo ukavu una mchango mkubwa: hewa ilipoanza kukauka mwishoni mwa karne ya 19, theluji mpya ikapungua, barafu ikaanza kuliwa na jua bila kurudishiwa. Angalia tarehe. Ni kipindi kilekile ziwa linashuka. Ziwa liko magharibi, mlima uko mashariki, na wote wawili wanatoa ushahidi mmoja.

Ukavu huo haukuja peke yake. Mwaka 1890 na 1891 sotoka ilimaliza ng'ombe, na kwa Mgogo ng'ombe ndiye benki. Halafu vita ya kwanza ya dunia. Kwetu njaa zina majina, na inayotajwa kwa sauti ya chini ni Mtunya, ya 1917 hadi 1920. Makadirio yanasema watu kama 30,000 walikufa Ugogo. Mvua ilikosekana, ndiyo, lakini kabla ya hapo jeshi la Wajerumani na baadaye la Waingereza yalikuwa yamechukua nafaka, ng'ombe na vijana wa kubeba mizigo. Ukame uliwakuta watu ambao ghala limeshafagiliwa. Hili nimelipigia mstari kwenye daftari: mvua kupungua ni jambo moja, njaa ni jambo lingine, na katikati yao kuna maamuzi ya watu.

Sasa njoo 1961. Mwaka ule sehemu za katikati ya nchi zilianza na ukame, watu wanapewa chakula cha msaada. Vuli ilipofika, kuanzia Oktoba, mbingu zikafunguka. Tanganyika inapata uhuru tarehe 9 Desemba huku sehemu kubwa ya Afrika Mashariki iko majini. Maeneo yaliyokauka yakafurika, mazao yaliyobaki yakaenda na maji. Ziwa Victoria likapanda zaidi ya mita 2 kati ya 1961 na 1964, na halikurudi kwenye kina chake cha zamani kwa miongo mingi. Sababu yake kubwa wataalamu wanaitaja kuwa Bahari ya Hindi: maji ya upande wetu wa magharibi yakipata joto kuliko ya upande wa Indonesia, mvuke mwingi unakuja kwetu na vuli inakuwa kubwa.

Umeona mtego ulipo? Kawaida ya 1961 hadi 1990 inaanza na mojawapo ya miaka ya mvua kubwa kuliko yote tuliyowahi kupima. Ile ya 1931 hadi 1960 haina hiyo miaka. Mtu akichora mstari wa mvua kwa miaka ya kwanza na mwingine kwa miaka ya pili, mistari haitakaa mahali pamoja. Kwa Tukuyu kunakonyesha zaidi ya milimita 2,000 haitawauma sana, utatoa na kubaki na mgomba wako. Kwa watu wa ukingoni kama Kongwa, Manyoni au Kishapu, kusogea kidogo kwa mstari ndiyo tofauti ya mahindi na uwele.

Nimegundua pia kwamba kanda si kiasi cha mvua tu, ni kalenda. Tukumbushane kidogo mambo ya kidato cha pili. Ukanda wa mvua unalifuata jua. Kaskazini, pwani na kwenye ziwa unapita mara mbili, ndiyo maana wana vuli ya Oktoba hadi Desemba na masika ya Machi hadi Mei. Sisi wa kati na wa kusini tunapata msimu mmoja, Novemba mpaka Aprili, kwetu tunauita kifuku. Tangu miaka ya 1980 watafiti wameona masika yamepungua sehemu nyingi za Afrika Mashariki, wakati vuli nayo inayumba, mwaka mwingine balaa, mwaka mwingine hakuna. Mvua za mwishoni mwa 2019 zilikuwa kubwa, na Mei 2020 Ziwa Victoria likaivuka rekodi ya 1964. Mwishoni mwa 2022, wale tuliokuwa Dar tunakumbuka mgao wa maji Mto Ruvu ulipopungua, ndoo zinapanga foleni. Desemba 2023 yakatokea maporomoko ya tope Hanang. Miaka minne, na matukio matatu yasiyofanana. Ukiyaweka kwenye wastani yatakaa kimya kabisa, utadhani hakuna kilichotokea.

Kwa hiyo mahali panaweza kubaki na milimita zilezile 550 lakini pawe pamehama kanda. Mvua ikichelewa wiki tatu na kukata Februari, kwa mhindi umeshahamia jangwani hata kama Machi itafidia zote. Hicho ndicho kilichotukuta.

Nisije nikaonekana nasingizia mvua kila kitu. Mto Ruaha Mkuu ulianza kukauka kabisa wakati wa kiangazi kwenye hifadhi ya Ruaha mwaka 1993, na wengi tulidhani ni ukame. Waliochunguza walionyesha kidole zaidi kwenye maji yanayochepushwa kwa kilimo cha umwagiliaji huko juu Usangu. Kondoa nako milima ilikuwa imechanika makorongo, mpaka mradi wa HADO ulioanza 1973 ukaishia kuwatoa mifugo wote mwaka 1979 ili majani yarudi. Mvua ileile ikinyesha juu ya ardhi iliyovuliwa nguo inakimbia tu, hainyweki. Nayo hiyo ni njia ya kuhamisha kanda bila kugusa wingu.

Kuna mzee mmoja wa zamani aliyeliona hili mapema. Clement Gillman alikuja 1905 kujenga reli enzi za Wajerumani, akabaki kazini chini ya Waingereza. Kituo cha Gillman pale ukingoni mwa Kibo kimeitwa kwa jina lake. Mwaka 1936 alitoa ramani ya idadi ya watu wa Tanganyika, ikaonyesha kitu rahisi: watu wamejazana pale maji yanapopatikana kwa uhakika, na katikati ya nchi ni wachache. Alifariki 1946, mwaka uleule ujumbe wa karanga ulipokuwa unazunguka na ndege. Halafu mradi ulipokufa, Tume ya Kifalme ya Afrika Mashariki ya 1953 hadi 1955 ikachapisha ramani ya aina nyingine: si wastani wa mvua, bali uwezekano. Swali likawa, hapa unaweza kutegemea inchi 30 miaka minne kati ya mitano? Sehemu kubwa ya katikati jibu lilikuwa hapana. Hilo ndilo swali nililopaswa kumuuliza mama.

Na mama alikuwa na jibu. Nilipoanza kusoma kitabu cha Peter Rigby cha 1969 kuhusu Wagogo na ng'ombe zao, nikawa nacheka peke yangu maktaba, maana ni mambo ya nyumbani. Watu kuhamahama makazi mvua ikikosekana. Mtemi mwenye mawe ya mvua. Nikaongezea ya kwetu: ng'ombe kutawanywa kwa ndugu na marafiki wa vijiji tofauti ili ukame usizikute zote, shamba moja juu na lingine bondeni, uwele uwe mwingi na mahindi yawe ya hamu. Hata tembe, ile nyumba ya paa bapa la udongo, ni kumbukumbu ya mvua. Ijenge Tukuyu uone kama itamaliza mwezi. Hiyo ni ramani ya uwezekano ambayo haijachapishwa popote. Mimi nikaja na desa langu la rangi ya njano nikaifuta kwa msimu mmoja.

Sisemi tutupe vitabu. Bila vipimo vya ziwa na barafu nisingejua kwamba hata uzoefu wa wazee umejengwa ndani ya kipindi fulani. Babu yangu alizoea mvua za baada ya 1961, na mama alizoea za babu. Miaka yao thelathini si lazima iwe ya mdogo wangu. Kwa hiyo wazee nao wana wastani wao, na wao pia unaweza kuwahama. Ninachosema ni kwamba mstari kwenye atlasi umechorwa na mtu, kwa miaka aliyokuwa nayo mkononi, na mvua haikuwekeana naye sahihi.

Seminari nimepata B+. Mwalimu kaandika pembeni, "hitimisho lako ni la kibinafsi mno." Sawa tu.

Wiki iliyopita mama alinipigia. Anaandaa shamba. Nikamwamkia, nikakaa kimya nikisubiri. Akasema safari hii ekari mbili uwele, moja mtama na karanga, na ya bondeni nichague mimi. Nikamwambia, mama, chagua wewe, mimi nitatuma hela ya mbegu bumu likitoka. Akacheka. "Weka mahindi hapo bondeni," akasema, "wewe si unayapenda ya kuchoma?"

Haya wadau, chai imepoa. Wale wa Kishapu, Same, Kondoa, Turkana na kwingineko ukingoni, niambieni huko kwenu wazazi wanapanda nini mwaka huu na kwa nini. Naomba kuwasilisha. Jumapili njema.